Mwaka wenye siku 445: mwanafunzi wako alisema kweli

*"Nafundisha Historia kidato cha pili. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alisimama akasema amesoma mahali kwamba mwaka 46 KK Waroma walikuwa na mwaka wa siku 445 na miezi kumi na mitano. Nikamjibu kuwa hayo ni makosa ya uchapaji, mwaka ni siku 365 basi. Darasa likacheka, naye akaketi kimya. Usiku sikulala vizuri, nikaanza kutafuta, na sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. Kuna wanaosema Julius Caesar aliongeza miezi miwili, Julai na Agosti, ndiyo maana Septemba ikasukumwa kutoka wa saba hadi wa tisa. Kuna wanaosema Augustus aliinyang'anya Februari siku moja ili mwezi wake usiwe mfupi. Je, mwaka huo ulikuwepo kweli? Siku hizo zote za ziada zilitoka wapi? Watu wenye madeni na siku za kuzaliwa walifanyaje? Na tarehe za vita vya Caesar tunazofundisha, tuziamini? Nyumbani Pemba tuna hati ya shamba la mikarafuu la babu, ina tarehe ya Kihijria. Kama kalenda zenyewe zinavutwa hivi, hata hiyo nitaiaminije?"*

Mwalimu, nianze na hilo lililokunyima usingizi. Mwanafunzi wako alikuwa sahihi. Mwaka tunaouita 46 KK ulikuwa na siku 445. Anayetupa hesabu hiyo kwa mchanganuo ni Censorinus, mwandishi wa Kiroma wa karne ya 3 BK: siku 23 zilitiwa Februari, na siku nyingine 67, kwa umbo la miezi miwili mizima, zikatiwa kati ya Novemba na Desemba. Suetonius, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka mia, anasema mwaka huo ulikuwa na miezi kumi na mitano. Macrobius, wa karne ya 5, anataja siku 443, lakini hesabu ya Censorinus ndiyo inayolingana na vipande vingine vya ushahidi, na ndiyo ninayoifuata. Macrobius huyohuyo ndiye aliyeupa mwaka ule jina lililodumu, "mwaka wa mwisho wa vurugu". Tafadhali usiliache neno "mwisho". Wengi huliacha, wakabaki na mwaka wa vurugu tu, kana kwamba Caesar ndiye aliyeamka siku moja akaivuruga kalenda. Vurugu ilikuwepo tangu zamani. Mwaka ule ulikuwa wa kulipa deni.

Nasema deni kwa sababu ndilo neno litakalokusaidia zaidi darasani. Kalenda ya Jamhuri ya Roma ilikuwa na siku 355. Machi, Mei, Quintilis (Julai ya baadaye) na Oktoba zilikuwa na siku 31 kila mmoja, Februari 28, na miezi saba iliyobaki siku 29. Waache vijana wajumlishe wenyewe ubaoni. Idadi hiyo inakaribiana sana na miezi kumi na miwili ya mwandamo, na kwa hili huhitaji kwenda Roma kutafuta mfano. Kila anayefunga Ramadhani anajua kwamba mwaka huu mwezi utaandama siku kumi au kumi na moja mapema kuliko mwaka jana. Aliyefunga utotoni wakati wa kaskazi atajikuta ukubwani anafunga wakati wa kusi. Katika Uislamu hilo ni jambo la makusudi. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi, na Qur'ani, katika Sura ya Tawba aya ya 37, ikaikemea. Mwezi unaachwa uende zake, na ibada inaufuata.

Waroma hawakutaka hivyo. Sikukuu yao ya mavuno walitaka iangukie mavuno kweli, na ya zabibu iangukie zabibu. Kwa hiyo walipaswa kuzirudisha zile siku kumi na kitu zinazopotea kila mwaka. Njia yao ilikuwa kutia mwezi wa nyongeza, kwa kawaida karibu kila mwaka wa pili. Februari ilikatwa tarehe 23 au 24, ukawekwa mwezi wa siku 27 uliomeza na zile siku za mwisho za Februari, kisha ikaja Machi. Mwaka wa namna hiyo ulifika siku 377 au 378. Mji wa Anzio, kusini ya Roma, umetuachia vipande vya kalenda iliyochorwa ukutani kabla ya mageuzi ya Caesar, na mwezi huo wa kumi na tatu upo pale, na idadi yake ya siku imeandikwa chini. Kwa hiyo mwaka kuongezewa siku halikuwa jambo geni kwa Mroma. Alikuwa amezoea.

Tatizo lilikuwa nani anaamua. Mwezi wa nyongeza haukuja wenyewe kama mwandamo. Uliamuliwa na baraza la makuhani waitwao mapontifeksi. Ukisikia kuhani usimfikirie mtu aliyejitenga na dunia. Hawa walikuwa wanasiasa, majemadari na maseneta, wenye marafiki wa kulindwa na maadui wa kukomolewa. Sasa fikiria cheo cha Roma kilivyokuwa: konsuli, kiongozi mkuu wa Roma, anashika madaraka mwaka mmoja, na mkataba wa kukusanya kodi una muda wake. Ukiweza kuurefusha mwaka kwa siku 22 au 23, umemrefushia rafiki yako kiti. Ukikataa kuurefusha, umemfupishia adui. Waandishi wa zamani wanalitaja jambo hili waziwazi, wala hawalioni kuwa ajabu kubwa.

Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, anatuonyesha lilivyokuwa kutoka ndani. Mwaka 51 KK alipelekwa kuwa liwali wa Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo, kazi asiyoipenda hata kidogo. Akamwandikia rafiki yake Atticus aliyekuwa Roma, akimsihi apiganie mwezi wa nyongeza usitangazwe, ili muda wake usije ukanyooshwa. Mmoja wa wasomi wakubwa wa zama zake anaomba kalenda iharibike kidogo ili arudi nyumbani mapema! Mimi simlaumu. Mwaka uliofuata, 50 KK, Curio, mmoja wa matribuni, yaani maofisa waliowatetea watu wa kawaida, alitaka kinyume chake, mwezi uongezwe, akakataliwa, na muda mfupi baadaye akahamia upande wa Caesar.

Sasa tufanye hesabu ya deni. Mwezi wa nyongeza wa mwisho kutiwa ulikuwa wa mwaka 52 KK. Kuanzia 51 hadi 47, miaka mitano mfululizo, hakuna kilichoongezwa. Kwanza ilikuwa siasa, halafu vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowatawanya makuhani wenyewe. Miaka mitano hiyo peke yake ilipoteza siku zipatazo 51, nazo zikaangukia juu ya malimbikizo ya nyuma. Ilipofika tarehe 1 Januari 46 KK kwenye kalenda ya Roma, jua lilikuwa bado katikati ya Oktoba. Wanazuoni wanatofautiana kwa siku moja tu, tarehe 13 au 14. Kwa hiyo kalenda ilikuwa mbele ya majira kwa siku 80 hivi. Suetonius anasema sikukuu za mavuno hazikuangukia tena kiangazi wala za zabibu majira yake.

Hapo ndipo zile siku 90 za ziada, 23 na 67, zinapoeleweka, Mwalimu. Siku 80 ni deni la nyuma. Siku 10 ni upungufu wa mwaka 46 wenyewe, maana bila nyongeza ungekuwa na siku 355 kama mingine. Themanini na kumi ni tisini. 355 na 90 ni 445. Hakuna siku iliyobuniwa na hakuna aliyeishi siku 90 zaidi. Jua lilichomoza na kuzama kama kawaida, majina ya siku tu ndiyo yaliyosubiri majira yayafikie.

Je, Caesar asifiwe? Nitakujibu kwa uwazi: nusu. Tangu 63 KK yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa mapontifeksi, pontifex maximus, kwa hiyo sehemu ya uzembe ule ilitokea chini ya jina lake akiwa vitani Gallia, Ufaransa ya leo. Lakini aliporudi na nguvu zote mkononi angeweza kulipa deni na kuuacha mtambo uleule mbovu, ili aendelee kuutumia. Hakufanya hivyo. Aliitoa kalenda mikononi mwa makuhani na kuifanya ijiendeshe kwa kanuni, na hilo naona ndilo kubwa kuliko zile siku 445. Pliny anamtaja Sosigenes kuwa mtaalamu aliyemshauri. Elimu yenyewe ilikuwa ya Misri, ambako mwaka ulihesabiwa siku 365 tangu kale. Wamisri walijua pia kwamba 365 haitoshi. Mwaka 238 KK, enzi ya Ptolemaios wa Tatu, makuhani walitoa amri huko Canopus ya kuongeza siku moja kila baada ya miaka minne, lakini haikushika. Sisi wa pwani tuna ndugu wa kalenda hiyo: mwaka wa Nairuzi, ambao wazee na manahodha waliuhesabu siku 365 kwa miongo ya siku kumi kumi, na ambao Makunduchi bado wanaupokea kwa Mwaka Kogwa. Kalenda ya siku 365 isiyo na siku ya ziada ya kila mwaka wa nne husogea pia, ila polepole, siku moja kwa miaka minne.

Caesar alichukua 355, akaongeza kumi: siku mbili kwa Januari, Sextilis (Agosti ya baadaye) na Desemba, siku mojamoja kwa Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Kisha kila mwaka wa nne siku moja zaidi Februari. Mpango ukaanza tarehe 1 Januari 45 KK. Baada ya kuuawa kwake Machi 44 KK, makuhani walikosea tena. Waroma walikuwa wakihesabu kwa kuujumlisha na mwaka wa kuanzia, basi "kila mwaka wa nne" kwao ukawa kila baada ya mitatu. Augustus, mrithi wa Caesar, ndiye aliyelisahihisha, kwa kusimamisha miaka mirefu kwa muda mpaka siku tatu zilizozidi zikaisha.

Sasa hayo uliyoyasoma kuhusu Julai na Agosti. Si kweli kwamba miezi hiyo iliongezwa. Ilikuwepo, ikiitwa Quintilis na Sextilis, yaani wa tano na wa sita. Quintilis ilibadilishwa jina kuwa Julius mwaka 44 KK, Sextilis ikawa Augustus mwaka 8 KK. Septemba ina maana ya saba ndani yake kwa sababu hapo kale hesabu ilianzia Machi. Makonsuli walianza kuingia madarakani tarehe 1 Januari tangu 153 KK, zaidi ya karne nzima kabla ya mageuzi ya Caesar, na majina yakabaki yalivyo. Waambie wanafunzi waangalie Jumatano. Ndani yake mna tano, kwa kuwa hesabu yetu inaanzia Jumamosi, lakini ukiwauliza watu wa ofisini watakwambia ni siku ya tatu ya wiki. Jina limetunza mwanzo wa zamani.

Nayo hadithi ya Augustus kuiibia Februari ilitoka kwa Sacrobosco, msomi wa karne ya 13 BK. Ile kalenda ya ukutani ya Anzio inaikanusha. Februari ilikuwa na siku 28 kabla Augustus hajazaliwa au akiwa mtoto, na Sextilis ilipewa siku zake 31 na Caesar. Najua hadithi hiyo ni tamu kusimulia. Iache hata hivyo.

Umeuliza watu waliishije. Madeni ya Roma yalihesabiwa riba kwa mwezi, na siku ya kudaiwa ilikuwa Kalendae, siku ya kwanza ya mwezi. Daftari la mkopeshaji liliitwa kalendarium, na neno letu "kalenda" limetokana na daftari hilo la wadai. Kuhusu siku za kuzaliwa, mwanasheria Celsus aliamua baadaye kwamba siku ya ziada ya mwaka mrefu na ile inayoungana nayo zihesabiwe kuwa siku moja, hivyo aliyezaliwa katika yoyote kati ya hizo hapotezi kitu. Caesar pia aliziweka siku zake mpya kuelekea mwisho wa miezi, ili sikukuu zilizozoeleka zisihame.

Ila ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni barua. Cicero alimwandikia Quintus Ligarius, mtu aliyepigana upande wa maadui wa Caesar Afrika na sasa yuko uhamishoni. Anamwambia kwamba aliongozana asubuhi na ndugu zake kwenda kwa Caesar kumwombea, na anataja tarehe: siku ya tano kabla ya Kalendae ya mwezi wa nyongeza wa kwanza. Anaiandika kama mimi na wewe tunavyoandika tarehe ya leo. Huyu si mwandishi wa karne za baadaye anayesimulia alichosikia, ni mtu aliyeuishi mwaka wenyewe, ana shughuli zake, na kalenda ya ajabu ni kitu cha kuandika juu ya barua tu. Ligarius alisamehewa. Miezi michache baada ya mwaka mmoja alikuwa miongoni mwa waliopanga kumuua Caesar.

Wapo walioona kalenda yenyewe ni udikteta. Plutarch anasimulia kwamba mtu mmoja alipomwambia Cicero kuwa kundi la nyota la Kinubi litachomoza kesho, Cicero alijibu: "Naam, kwa amri." Na ni vizuri kukumbuka mwaka ule ulikuwa na nini kingine. Vita vya Thapsus, katika Tunisia ya leo. Cato, mpinzani wa Caesar, kujiua Utica. Maandamano manne ya ushindi jijini Roma, ambamo Arsinoe, mdogo wake Cleopatra, alipitishwa akiwa na minyororo, na Vercingetorix wa Gallia akauawa. Waliopata mgao wa ngano ya serikali wakapunguzwa kutoka 320,000 hadi 150,000. Na katika michezo ya Caesar, wakazi wa Roma wakaona twiga kwa mara ya kwanza. Jina walilompa linaunganisha ngamia na chui.

Tukija kwenye tarehe za kufundisha, una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia tarehe za Kiroma kama zilivyoandikwa: vita vya Pharsalus, Ugiriki, 9 Agosti 48 KK, Thapsus 6 Aprili 46 KK. Ndizo zilizo vitabuni na ndizo mtihani utakazozitaka, basi shikamana nazo. Ya pili ni kuzigeuza zifuate majira, ambapo Pharsalus inarudi mwanzoni mwa Juni na Thapsus mwanzoni mwa Februari. Hii ya pili itumie pale majira yanapobeba maana. Caesar mwenyewe anaandika kwamba kabla ya Pharsalus alipiga kambi mahali ambapo nafaka ilikuwa karibu kuiva. Mwanafunzi anayeamini ilikuwa Agosti hataelewa, maana kufikia Agosti mashamba ya Thessalia yanakuwa yameshavunwa. Kosa ni kuzichanganya njia hizo mbili katika jedwali moja bila kusema. Na wakihesabu miaka kutoka KK hadi BK, wakumbuke hakuna mwaka 0: toka 46 KK hadi 2000 BK ni 46 jumlisha 2000 toa 1, yaani miaka 2045.

Hati ya babu ni suala jingine, na hapa nakuomba usinitegemee mimi wala jedwali la simu. Kalenda ya Kihijria haikuvurugwa na mtu. Mwandishi wa hati alijua aliandika nini. Lakini jedwali la kubadili tarehe linaweza kupishana na mwandamo ulioonekana kwa siku moja au mbili, na katika mambo ya ardhi siku moja inaweza kuwa na uzito. Kama hati inataja jina la siku ya wiki, hiyo itasaidia kuhakikisha. Ichukue yenyewe, si picha, uende kwenye nyumba ya nyaraka Kilimani, Unguja, au kwa mtu anayesoma hati za Kiarabu za zamani mkiwa mmekaa naye. Na kama kuna mgogoro wa shamba tayari, anza na wakili kabla hujamkabidhi yeyote karatasi hiyo.

Na kesho ukiingia darasani, kabla ya somo, mwite yule kijana kwa jina lake mbele ya wale waliocheka. Mwambie alikuwa sahihi na wewe ulikosea. Kisha mpe chaki, aandike mwenyewe: 355, 23, 67.